Kata Isiyo na Uhalifu

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Alipita mbele yako Jumanne asubuhi, ndoo ya maziwa mkononi, kanga ameishusha upande wa kushoto mpaka shavuni, na wewe ukamuuliza kama ng'ombe wake mdogo ameshazaa. Akasema bado. Ukasema haya, wasalimie nyumbani. Halafu ukainama kufunga kamba za viatu, nawe ulikuwa umevaa kandambili.

Wiki iliyofuata ulikwenda hospitali kumpa pole, ukambebea na mkungu wa ndizi mshale. Ndizi zilikuwa nzuri, zimekomaa vizuri. Jicho halikurudi.

Mwanamke huyo ni Esther, na habari hii ni ya dada yake, Lukresia, kwa sababu Esther alinyamaza na Lukresia hakunyamaza. Wote wawili ni wa Kimosoni, kata iliyo juu kabisa, pale ambapo lami imeshakwisha muda mrefu na udongo mwekundu unaamua nani atapita na nani atalala njiani. Kutoka Kimosoni hadi kituo cha polisi ni kilomita kumi na moja za kuteremka kwa miguu, ndipo ukutane na gari la kukufikisha Moshi. Ukipigwa, unatakiwa uteremke hizo kumi na moja, uombe fomu ya polisi, ile PF3, ndipo uende hospitali ukasikilizwe kama mtu aliyepigwa na si mtu aliyejikwaa.

Esther alipigwa na mumewe, Isack, jioni ya Jumatatu, kwa mpini wa jembe. Jumanne alipeleka maziwa. Jumatano ukoo wa mume ukaja na jani la isale.

Asiyejua isale na ajue sasa. Ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini huku juu. Mtu akikukosea, anachuma jani lake, analifunga fundo, analileta kwako, mwenyewe au kwa mkono wa mzee. Jani hilo halikataliwi. Ukishalipokea, umesamehe. Na jambo lililopewa isale halitajwi tena. Anayelitaja ndiye anayegeuka mkosaji. Ni desturi nzuri. Imezuia damu nyingi kumwagika. Pia imefunika damu nyingi iliyokwisha kumwagika, na hilo hawalisemi.

Esther alipokea jani. Akaambiwa atulie, apumzike, aweke maji ya chumvi. Ijumaa Lukresia alipomwona, alimbeba mgongoni hadi barabarani. Daktari aliangalia lile jicho kwa muda mfupi sana. Akasema, "Mngekuja Jumanne."

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Maneno hayo mawili Lukresia amekuwa akiyatafuna tangu siku hiyo kila anapopanda mlima na kila anapoteremka.

Elimu yake ni darasa la saba. Sheria alijifundisha mwenyewe, kwa kijitabu kimoja cha wasaidizi wa kisheria alichokisoma mpaka jalada likambaki vidoleni. Watu walimchagua mwenyekiti wa ulinzi shirikishi wakidhani atachoka. Hakuchoka, na ubaya wake mkubwa ni kwamba hasahau. Mwulize ni lini Sirili alikatiwa migomba. Atakwambia ni mwaka ule masika yalichelewa mpaka Pasaka, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, na aliyekata alikuwa amevaa sweta la kijani.

Basi serikali ilipotangaza kwamba kuna mfuko wa ruzuku kwa kata zinazotaka kuimarisha ulinzi na kuwafikishia watu haki karibu na nyumbani, Lukresia aliliandika ombi kwa mkono wake, kurasa tisa. Hakuomba makubwa. Aliomba chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, askari wa kike wa kukaa hapo, fomu za PF3 kwenye droo, na pikipiki yenye machela ya kumteremsha mtu kabla Jumanne haijawa Ijumaa. Mtendaji wa kata, Mikidadi, kijana wa Moshi mjini aliyeletwa huku juu na bado anavaa jaketi mwezi wa kwanza, ndiye aliyelipiga chapa na kulituma.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Ukurasa mmoja.

"Shikamoo, Mama Davis," Mikidadi alisema, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Marahaba. Soma."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa itabadilika?"

Mikidadi akasoma. Kata imeonekana haikidhi vigezo. Kwa taarifa zilizopo, katika miaka mitano Kimosoni imekuwa na matukio mawili.

"Mawili yapi?"

"La kwanza ng'ombe wa Sirili alipotea."

"Na la pili?"

Mikidadi alijikuna kidevu. "Ng'ombe wa Sirili alipatikana."

Lukresia hakucheka. Ukutani nyuma ya kichwa cha mtendaji kulikuwa na cheti kikubwa chenye kioo na fremu ya dhahabu ya plastiki: Kata ya Mfano kwa Amani na Utulivu. Kilipoletwa, watu walichinja mbuzi. Walicheza. Yeye mwenyewe alikuwepo, na alikula ile nyama.

"Kishushe hicho," alisema.

"Mama Davis, kina fremu."

"Ndiyo maana nasema kishushe, usikichane."

"Sikiliza basi, barua haijaisha. Wametupa nafasi. Jumatano ijayo, siku tisa kutoka leo, anakuja afisa uhakiki. Kama kuna matukio ambayo hayakuandikishwa, hata ya zamani, atayapokea hapahapa."

"Ameshapata. Aje na karatasi za kutosha. Yote ninayo hapa." Aligonga paji la uso kwa kidole.

"Hawataki kichwa chako, mama. Wanataka aliyetendewa mwenyewe. Jina, tarehe, sahihi. Na shahidi mmoja. La mtu kusikia kwa mtu halipokelewi." Alikunja barua taratibu. "Asipokuja mtu, ruzuku inakwenda kata nyingine. Zipo nyingi zinasubiri."

Kesho yake Lukresia alianza kuzunguka. Alipita kihamba kwa kihamba, mashamba ya nyumbani ya huku juu, akiinama chini ya migomba, akiruka mifereji, na kila mlango ulimpa kiti, kikombe cha chai, na jibu lilelile. Lilikwisha. Tulipewa isale. Mmoja alikuwa na kovu kutoka sikioni hadi shingoni na alisema lilikwisha huku akilishika. Mwingine alisema, "Mama Davis, wewe unataka nilaaniwe ili serikali ijenge chumba?" Mwingine alimwambia polepole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, kwamba Kimosoni ni kata ya amani na cheti kipo.

Hapo ndipo alipoliona kosa lao lote, na lilikuwa kosa la Kimosoni peke yake, lisingeweza kufanywa na watu wengine. Walikuwa wamesamehe vizuri mno. Kwa miaka mingi wameufunga kila wizi, kila kipigo, kila binti aliyevutwa ndani ya shamba la kahawa, kwa fundo moja la jani na debe la pombe ya mbege, na hawakupeleka hata kimoja chini. Serikali ilipotazama juu, iliona malaika.

Mlango wa mwisho aliuacha uwe wa Esther. Alimkuta anakamua, ameegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, upande wa jicho zima ukiwa nje.

"Najua ulichokuja kusema," Esther alisema bila kugeuka. "Walishanisimulia kwa watatu."

"Basi nijibu kama watatu."

"Nililipokea, dada. Kwa mkono wangu huu. Meku Eliufoo alilileta akalala hapohapo mlangoni mpaka nikalishika." Meku ni mzee kwa Kichagga, na Eliufoo ndiye baba mkubwa wa Isack. "Nikilitaja, mkosaji ni mimi. Ukoo mzima utanigeukia. Na hiki kihamba ni cha nani? Ni cha Isack."

"Isack yuko Holili anapakua malori. Kihamba unakilima wewe."

"Anakuja kila mwisho wa mwezi."

"Amebadilika?"

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. "Amepunguza," Esther alisema.

Lukresia aliondoka hapo. Alikwenda kukata majani ya ng'ombe mpakani, akakata kwa hasira, panga likafika kwenye mstari wa masale, likasimama. Aliliangalia jani lililo karibu. Jani la isale halikataliwi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi. Mkosaji akilileta, lazima lipokelewe. Sawa. Lakini ni nani aliyesema linaletwa baada ya kosa? Alifikiri sana. Alirudi nyuma katika kumbukumbu yake yote, mwaka kwa mwaka, na hakumkuta mtu aliyewahi kusema hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Alichuma moja.

Jumapili, ibada ilipokwisha, watu wa usharika walitoka nje kwa mnada kama kawaida yao, maana wengi huku hutoa sadaka ya mkungu, kuku au maboga, na vitu hivyo huuzwa hapohapo uani. Mnadi alikuwa Eliufoo mwenyewe, miaka sabini na sita, koti la suti, sauti ya kuamsha wafu. Alikuwa ameshika jogoo mwekundu kwapani na kumsifu kwa sifa ambazo hata bwana harusi hazipati, Lukresia alipopita katikati ya watu akiwa ameinua jani lenye fundo.

"Tuna mboga pia sasa," mtu alisema nyuma, wakacheka. Kisha walioko mbele waliona ni jani gani, na kicheko kikafia huko huko kilikotoka.

Eliufoo alishusha sauti. "Mama Davis. Nani amekukosea?"

"Hakuna, meku. Mkosaji ni mimi."

"Umekosa nini?"

"Bado sijakosa. Nitakosa Jumatano."

Walicheka tena, lakini kwa wasiwasi. Lukresia aliwangoja wamalize.

"Jumatano anakuja mtu wa serikali kutafuta kama Kimosoni kuna watu wanaoumizwa. Nitamwambia wapo. Nitayafungua mambo yaliyofungwa kwa isale, na hilo kwetu ni kosa, nalijua. Kwa hiyo nimekuja kuomba msamaha mapema. Na si wangu peke yangu. Kila atakayekuja Jumatano kusema lake, jani hili ni lake pia."

"Jani haliletwi kabla ya kosa," Eliufoo alisema.

"Nani alisema?"

"Ni desturi."

"Nitajie mtu aliyelileta kabla, akakataliwa. Mmoja tu. Mimi nakumbuka, meku, unanijua. Umebeba majani arobaini na saba tangu nimepata akili. Ulibeba la mwizi wa kahawa ya Sirili. Ulibeba la yule mwalimu. Ulibeba mawili kwa siku moja, mwaka ule mbege ilichacha harusini. Na ulibeba la Isack, ukalala mlangoni kwa mdogo wangu. Kila ulipofika ulisema maneno yaleyale: jani halikataliwi." Alilisogeza karibu na kifua cha mzee. "Ukilikataa hili, basi majani yanakatalika. Na kama yanakatalika, yote arobaini na saba nayo yanarudi, na tutaanza na la Esther."

Eliufoo alimtazama mchungaji, na mchungaji alikuwa ameona kitu cha muhimu sana juu ya paa la kanisa. Aliwatazama wazee wenzake. Walikuwa wanaangalia viatu. Mkono wake mmoja ulikuwa na jogoo na mwingine ulikuwa mtupu, na watu wote mia mbili walikuwa wanautazama ule mtupu.

Sirili, mzee wa kahawa na ng'ombe wa takwimu, ndiye aliyeokoa au aliyemaliza, sijui niseme lipi. "Meku, pokea, jogoo anakunyea kwenye koti."

Ilikuwa kweli. Eliufoo alipokea jani, mradi awe na la kufanya.

"Nimepokea," alisema, kwa sauti ya mtu anayelipa faini. "Lakini Jumatano nitakuwepo. Nitakaa mlangoni, nione nani ana uso wa kupita mbele yangu."

Afisa alikuja kwa bodaboda, maana gari lilikwama chini. Aliitwa Hajira, msichana wa Moshi mjini, mtandio safi na sketi yenye matope hadi magotini. Lukresia alimpeleka kwenye kibanda cha kukusanyia maziwa kwa sababu kila nyumba ya Kimosoni hupita hapo asubuhi. Mikidadi alileta meza. Eliufoo alileta kiti chake mwenyewe, akakaa mlangoni kama alivyoahidi, fimbo katikati ya magoti.

Saa moja wanawake walikuja, wakapimiwa maziwa, wakaondoka. Saa mbili walikuja wengine. Walimsalimu Eliufoo shikamoo, wakamtazama Hajira kwa pembe ya jicho, wakaondoka. Wengine walisahau hata vifuniko vya ndoo.

"Mama, mimi nipo mpaka saa saba," Hajira alisema kwa upole, na upole wake ulimuuma Lukresia kuliko barua.

"Kunywa chai, mwanangu. Watu wa mlimani hawaendi mbio."

"Wanaenda mbio," Mikidadi alisema. "Tazama wanavyoondoka."

Saa tatu kasoro Esther aliingia. Alipimiwa maziwa yake, akachukua ndoo, akafika mlangoni, na hapo akasimama mbele ya Eliufoo. Lukresia alijizuia kusema chochote. Katika maisha yake yote hajafanya kazi ngumu kama ile ya kunyamaza dakika moja.

Esther aliweka ndoo chini. Aliivua kanga kichwani, akaikunja mara mbili, akaifunga kiunoni kama mtu anayetaka kulima. Uso wake wote ulikuwa nje, upande mzima na upande uliozama. Akarudi mezani.

"Andika," alisema.

Hajira akaandika. Jina. Kitongoji. Tarehe, na Esther aliitaja bila kufikiri. Jumatatu, saa kumi na mbili jioni. Mpini wa jembe. Aliyepiga ni Isack, mume wangu, na hapo sauti yake ilishuka kidogo, kisha ikapanda yenyewe.

"Shahidi?" Hajira aliuliza.

"Hakukuwa na mtu ndani."

"Aliyekuona baadaye basi. Kabla ya hospitali. Aliyeliona jicho na kusikia nani alilifanya hivyo."

Esther aligeuka. Hakunyoosha kidole. Aligeuka tu, na lile jicho moja likatua mlangoni.

Eliufoo alishika fimbo, akaanza kuinuka.

"Kaa, meku," Lukresia alisema. "Ulipokea jani."

"Nilipokea la wewe kusema. Sikupokea la mimi kusemeshwa."

"Nilisema kila atakayekuja Jumatano. Wewe umekuja. Umekuja na kiti."

Watu walikuwa wameanza kujaa tena nje, wale waliosahau vifuniko na wale waliosingizia wamesahau. Mzee aliwaona. Alikuwa amesimama nusu, magoti yamekunjika, hajaenda wala hajakaa.

"Umeniweka pabaya, mwanamke."

"Esther alikaa pabaya zaidi, na hakuwa na fimbo."

Eliufoo aliketi. Alivuta pumzi ndefu, akauzungusha mpini wa fimbo viganjani. "Niliona," alisema, akiutazama udongo. "Jumatano. Jicho lilikuwa limevimba kama yai. Isack aliniambia mwenyewe alichofanya. Mimi nikamwambia binti apokee jani na asiteremke." Kisha, kwa ukali, kana kwamba mtu amembishia: "Andika basi. Eliufoo. Shahidi."

Hajira alimsogezea karatasi. Meza ilikuwa imejaa vikombe, hivyo Mikidadi alikimbia ofisini akarudi na kitu cha kuandikia juu yake, kipana na kigumu. Kilikuwa kile cheti. Mzee alitia sahihi juu ya kioo cha Amani na Utulivu, na Mikidadi alikishikilia kwa mikono miwili.

Baada ya hapo mlango ulikuwa mdogo. Aliingia yule wa kovu la shingoni. Akaingia mama aliyesema hataki kulaaniwa. Waliingia wawili wawili, wakishikana mikono, wakasema majina ambayo hayakuwa yametamkwa kwa miaka kumi. Na kila Hajira alipouliza shahidi, vichwa viligeukia upande mmoja, maana kila jani lilikuwa na mbebaji na mbebaji alikuwa amekaa hapo. Ilipofika la nane Eliufoo hakungoja kuulizwa. Ilipofika la kumi na tano alianza kuwasahihisha.

"Hiyo ilikuwa Alhamisi," alisema.

"Ijumaa, meku," Lukresia alisema. "Alhamisi ulikuwa na mafua, ulifunga kichwa na taulo."

"La bluu."

"La bluu."

"Ijumaa basi. Andika Ijumaa."

Sirili alikuja akizungusha kofia mikononi. "Na wanaume mnaandika?"

"Tunaandika watu, baba," Hajira alisema.

"Mimi si ng'ombe tu," Sirili alisema. Alikaa, na akaeleza namna mwanawe alivyomvunja mbavu mbili kwa ajili ya shamba, na alipomaliza alilia kidogo, akaomba radhi, akaambiwa hakuna haja.

Saa saba ilipita. Hajira alipiga simu mjini akasema asisubiriwe. Walitoka saa kumi na moja jioni, na Lukresia aliyahesabu mara mbili: mambo arobaini na matatu, yenye majina, tarehe na sahihi, katika kata ambayo asubuhi ilikuwa na ng'ombe mmoja. Eliufoo alikuwa akikunja na kukunjua vidole, vimekufa ganzi. Lukresia alimpa chai. Hakumpa zaidi ya chai. Yako mambo anayoyakumbuka, na kutia sahihi kwa siku moja hakuyafuti.

Ruzuku ilikuja kabla ya vuli. Ilikuja yote, kama ilivyoombwa kwenye kurasa tisa. Leo ukipanda Kimosoni utaona chumba cha matofali pembeni mwa ofisi ya kata, mlango wa chuma, pikipiki ya machela imeegeshwa kivulini, na ndani yuko Koplo Sophia na droo imejaa fomu. Mwezi wa kwanza waliteremsha watu watatu hospitali, wote siku ileile waliyoumia. Mmoja alikuwa binti aliyepigwa kichwani saa mbili asubuhi. Saa nne kasoro alikuwa mbele ya daktari. Daktari alisema mmewahi, na Lukresia alitoka nje akasimama kwenye jua, akalisema neno hilo peke yake, mmewahi, mara nyingi, mpaka watu wakamwangalia.

Faili la kwanza katika chumba hicho ni la Esther. Isack alichukuliwa Holili mchana, kati ya malori mawili, mbele ya wenzake. Kesi ilipoanza Moshi, alituma jani. Alilileta mjomba wake, amejifunga shuka, uso wa msiba. Alimkuta Esther nje ya mahakama, pamoja na dada yake na nusu ya wanawake wa kibanda cha maziwa, nao wakatulia kuona atafanya nini, kwa sababu jani halikataliwi.

Esther alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama lile fundo.

"Mwambie nimemsamehe," alisema. "Na kesi inaendelea."

Akaingia ndani kutoa ushahidi. Isack alihukumiwa miaka saba. Kihamba anakilima Esther, kama alivyokuwa akikilima siku zote, ila sasa mwisho wa mwezi hauna hofu.

Na wewe je? Hata kama kata yako haiitwi Kimosoni, daftari lake la matukio ni jeupe vilevile, na wewe unajua ni kwa nini. Kuna jambo unalijua, na aliyetendewa unamjua, na tarehe unaikumbuka ingawa unajitahidi usiikumbuke. Usingoje ruzuku itangazwe; wakitazama wakakuta weupe huo, itakwenda kwingine. Simama sasa hivi. Nenda kwa aliyetendewa, mwambie utakwenda naye, kisha mfuatane mpaka kwa mtendaji, alete daftari, aandike. Atakapouliza nani shahidi, usitazame pembeni. Taja majina yako, yote matatu, na utie sahihi. Leo, ofisi ingali wazi.